Kifaru Kilicholishwa Chumvi

Wajukuu wangu wa kusoma, mkono wa Mama Béata ungali pale pale tulipouacha: juu ya chuma cha kifaru cha jeshi, mbele ya soko lote la Bihambwe, na chuma kinaachia rangi.

Aliuondoa. Kiganja chote kijani.

Na mahali kiganja kilipokuwa, kando ya mlango, mikwaruzo miwili ilijitokeza chini ya rangi. Pembe mbili za ng'ombe. Moja imesimama, nyingine imeinama kama mtu aliyelalia shingo vibaya.

Mama Béata alizijua. Zilikuwa pembe za Gaju, ng'ombe wa mwanawe Gisubizo. Na ni Gisubizo mwenyewe aliyezichora kwa msumari, siku jeshi lilipomkabidhi kifaru hiki akiendeshe.

Kwetu tunakiita blende, lile gari la jeshi lenye ngozi ya chuma. Na blende hii, kwa maneno ya wakubwa, ilikuwa imepelekwa mbali ikafanywa ya kisasa.

Sakwe sakwe! Mukijibu "Soma", natega: alikwenda mzee, akarudi kijana, lakini kikohozi ni kile kile. Ni nini?

Mumekwisha kujibu. Kiko mbele ya Mama Béata, kinanuka rangi.

Gisubizo alisogea karibu, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi.

"Mama, usiseme kitu. Nakuomba."

"Si njo ile ile?"

"Njo ile ile."

"Yenye ulinieleza? Yenye haina freni?"

"Unakanyaga pedali, inaenda mpaka chini sawa mu matope. Mama, sema polepole!"

"Na leo unatangulia konvoi mpaka Kashebere?"

"Njo amri."

Mama Béata alifunga kiganja chake cha kijani. Ninyi mumepita njia ile. Kutoka Bihambwe mpaka Kashebere, pale Masisi inapoiachia Walikale, njia inashuka, inapanda, inashuka tena. Kila mteremko una kona, na kila kona ina shimo upande wa chini.

Mtoto wake alikuwa anapelekwa kwenye shimo moja kati ya hayo. Na yeye hawezi kusema amejua vipi. Akisema tu kwamba shofere ndiye aliyemwambia, Gisubizo analala mu kasho, gereza la jeshi, kama msaliti. Asiposema, Gisubizo anapanda blende.

"Nitasema bila kusema," alinong'ona.

"Mama!"

Lakini Mama Béata alikuwa amekwisha kumpa mgongo.

Kolonel Apollinaire alikuwa amepanda juu ya meza ya wauza nyama, maana jukwaa halikuwepo. Viatu vyake vinang'aa. Chini yake amesimama bwana wa kampuni iliyokifanyia kifaru kazi, miwani myeusi, kofia ya plastiki nyeupe isiyo na hata doa la grisi. Watu wanamwita Enjeniere.

"Wananchi!" alipaza Kolonel. "Munaiona kwa macho yenu! Iliondoka nzee, imerudi moderne! Moteri mpya. Freni mpya. Macho ya kuona usiku. Leo itatangulia kamyo zenu mpaka Kashebere, na ndugu zetu wa Buleusa watapata chumvi na sabuni!"

Wachuuzi walipiga makofi. Wafugaji hawakupiga. Waliegemea fimbo zao wakatazama, kama wanavyotazama dume la jirani linalosifiwa na mwenyewe.

"Macho ya usiku!" alisema mzee Sebagabo, mwenye ng'ombe wengi kuliko maneno mazuri. "Na ile shimo yenye iliangukamo mwaka jana, ilikuwa saa sita ya mchana!"

Soko likacheka.

"Walituletea antena kwanza," mwingine akadakia. "Tungali tunangojea radio."

"Bangefanya njia moderne, blende ingejifwatia!"

Adelaïde, muuza maziwa mwenzake Mama Béata, hakuweza kubaki nyuma. "Miye nilipaka bido yangu ya maziwa rangi. Ilipendeza sana. Maziwa iliendelea kuvuya."

Kolonel alitabasamu kwa shida. Hapo ndipo kiganja cha kijani kilipoinuka katikati ya watu.

"Mon colonel, samahani. Hii ngozi inatoka."

"Mama, rangi mbichi ni alama ya kazi mpya."

"Na hizi pembe hapa kando ya mulango?"

Kolonel alishuka mezani. Akaja, akainama, akatazama. Nyuma yake Gisubizo alikuwa anatoka jasho, na upepo wa Bihambwe asubuhi ile ulikuwa wa kuvaa makoti mawili.

"Nani alikwaruza chombo cha jeshi?"

Watu wakatazamana.

"Nimeuliza nani!"

"Mon colonel," Mama Béata alisema taratibu, "swali yangu ilitangulia. Kama blende ni mpya, hizi pembe za zamani zinafanya nini hapa?"

Enjeniere akajipenyeza kati yao, anacheka kidogo.

"Mama yangu, ukipeleka koti kwa fundi abadilishe kitambaa cha ndani, nje si inabaki ile ile? Sisi tulibadilisha ndani."

Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali. Ilikuwa na maana. Hata Sebagabo alitikisa kichwa, halafu akakizuia.

"Basi mufungue ndani tuone," akasema Mama Béata.

"Ndani ni siri ya jeshi."

"Nje ni ya zamani. Ndani ni siri. Sasa ile mpya iko wapi?"

Kicheko kililipuka mpaka mbuzi wakashtuka. Lakini kicheko hakizuii konvoi, wajukuu wangu. Kolonel alitazama saa yake, akamgeukia Gisubizo.

"Shofere, panda. Tunaondoka."

Gisubizo akashika ngazi.

"Mungojee!" Mama Béata alimshika Kolonel kwenye mkono wa koti. Askari wawili walisogea.

Na hapo akaja mtu mwingine wa kumchosha. Muhindo, mchuuzi wa Butembo, mwenye kamyo na duka na rozari kwenye kioo, aliwapangua watu kwa viwiko.

"Mama Béata, tafazali! Mutuachie njia! Mvua inakuja, na chumvi yangu iko wazi mu kamyo. Kule Buleusa batu banakula sombe ya mihogo bila chumvi, kama majani ya mbuzi. Weye unataka nini?"

"Nataka ufike, kaka Muhindo."

"Basi toka mu njia, nifike!"

"Nani anatangulia mbele yako ku mushuko?"

"Blende."

"Na ikikataa kusimama, itakungojea?"

"Mama, mambo ya moteri hatuyajui. Miye niko mutu wa magunia. Weye uko mutu wa maziwa. Tuachie wenye kujua."

Mama Béata alitaka kumpiga kofi. Alitaka kukaa chini kwenye matope alie. Tangu asubuhi anasema, na kila neno analolisema linarudishwa kwake limekunjwa vizuri. Rangi inatoka? Ni mbichi. Pembe za zamani? Ni koti. Fungua? Ni siri. Mtu anaweza kupasuka.

Macho yake yakaangukia magunia ya Muhindo. Chumvi. Si ya mezani tu. Yalikuwepo pia magunia ya ile nene, ya ng'ombe.

"Kaka Muhindo," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa imetulia kabisa. "Siku ya soko, asubuhi sana, nani anakuyaka kununua hii chumvi kwako kwa haraka, bila hata kuomba umupunguzie?"

Muhindo alikohoa. Wafugaji walitazama viatu vyao. Sebagabo alitazama mbingu.

Maana kila mtu Bihambwe anajua. Ukiwa na ng'ombe aliyekonda na unataka auzike, unamlisha chumvi alfajiri. Anashikwa na kiu, anakunywa mto mzima. Akifika sokoni tumbo limejaa kama ngoma, ngozi inang'aa, mnunuzi anapigwa na uzuri. Jioni ng'ombe amekwisha kukojoa ule unene wote njiani, na mnunuzi anafikisha nyumbani mifupa.

"Papa Kolonel," Mama Béata alisema mbele ya wote, "hii blende yako imelishwa chumvi. Labda na weye hukujua. Ni huyu wa kofia nyeupe njo aliilisha."

Enjeniere alivua miwani, akaivaa tena.

"Mama, unanitukana?"

"Situkane mutu. Nauliza kama ku soko. Itembezwe."

Neno hilo lilipita katika soko kama moto kwenye majani makavu. Itembezwe! Itembezwe!

Soko la ng'ombe la Bihambwe lina desturi yake. Kabla mnunuzi hajafunga kamba yake, mnyama anashushwa mteremko wa nyuma ya soko mpaka kijito, pale wanawake wanaposafishia bido za maziwa kando ya daraja la miti, halafu anapandishwa tena. Mwenye kilema kitaonekana. Mwenye tumbo la maji litashuka. Muuzaji akikataa, basi amekwisha kujisemea mwenyewe, afunge ng'ombe wake arudi nyumbani.

"Hii si ng'ombe," Kolonel alisema.

"Hapana," Sebagabo akajibu, anakuja mbele, fimbo mabegani. "Lakini mon colonel, ile dume yangu yenye ulinunua kwa fete, ile sikukuu ya askari, ilikuwa ng'ombe. Na weye njo ulisema itembezwe. Ulisema, 'Jeshi hainunui kwa macho.' Niliiona maneno mazuri sana. Leo siye njo banunuzi. Unaomba batu batie kamyo zao, na mali yao, na vichwa vyao nyuma ya hii kintu. Tusinunue kwa macho."

Kolonel alikuwa amesikia sauti yake mwenyewe ikimrudia.

Na hapa, wajukuu, kila mmoja alingojea akatae. Mama Béata aliomba kimoyomoyo akatae. Akikataa, soko limeona, wachuuzi wanashusha magunia, konvoi inakufa, Gisubizo anarudi kukamua.

Kolonel Apollinaire alicheka.

"Sawa! Munataka kuona? Mutaona! Itembee mpaka kijito na irudi. Halafu Mama huyu atamupa Enjeniere litre moja ya maziwa, na ataomba samahani."

Alikuwa anaamini! Mama Béata alimtazama usoni akaliona wazi. Kolonel yule hakuwa mwongo. Aliambiwa freni ni mpya, akafurahi, akabeba habari ile kama mtoto anayebeba yai. Mwongo angekataa. Mwenye kuamini anakubali, na hakuna wa kumzuia.

"Shofere!" akaita. "Panda, uishushe."

Shofere. Mama Béata aligeuka akatazama ngazi.

Sokoni anayemtembeza mnyama ni mtu wa yule aliyemlisha chumvi. Ndivyo ilivyo siku zote. Alipolitoa neno lile, macho yake yalimwona Enjeniere ndani ya kifaru, anatetemeka. Hakuwaza kwamba mtu wa kukitembeza yuko mmoja tu, naye ana sura ya marehemu babaye na pua ya kwake mwenyewe.

"Hapana! Enjeniere njo aendeshe! Yeye njo aliitengeneza!"

"Mimi sina ruhusa ya kuendesha chombo cha jeshi," alisema Enjeniere haraka kuliko alivyosema neno lolote siku ile.

"Basi muache. Nimesamehe. Iende hivyo hivyo."

"Ah, ah, ah!" Kolonel alipunga kidole. "Mama, desturi ni desturi. Neno la kutembeza linarudishwaka?"

Sebagabo alitikisa kichwa kwa huzuni. Halirudishwi.

"Mama, acha tu," Gisubizo alisema kutoka kwenye ngazi. Alijaribu kucheka. "Kijito haiko mbali."

Kutokuwa mbali ndiko kulikokuwa kubaya. Mteremko ule ni mfupi na umesimama kama ukuta.

Mama Béata alizunguka blende kama kuku aliyepotelewa na kifaranga. Alitafuta neno, alitafuta kitu chochote. Akaviona. Chini ya magurudumu ya mbele, jiwe. Chini ya magurudumu ya nyuma, jiwe. Mawe makubwa ya moto wa zamani wa mlima, meusi, yamekandamizwa kwenye tope.

"Mon colonel! Kama freni ni mpya, mawe ya nini?"

Wachuuzi walinyoosha shingo. Muhindo aliinama akatazama, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ukabadilika. Mtu wa kamyo anajua maana ya jiwe chini ya gurudumu.

"Eh, mon colonel," Muhindo alisema polepole. "Ile... ile ni swali ya mutu mukubwa."

"Ni mazoea!" Enjeniere alisema. "Askari wana mazoea ya zamani!"

Kolonel alikuwa amekasirika sasa. Si kwa Mama Béata. Kwa mawe yenyewe, yaliyomwaibisha.

"Toeni hayo mawe!"

"Hapana, papa, sikusema muyatoe..."

"Toeni!"

Askari walitia mitaraimbo, wakasukuma. Jiwe la kwanza likatoka. La pili. Yote. Wakayatupa kwenye majani.

Kifaru kilisimama. Hakikutikisika hata kidogo.

"Munaona?" Kolonel alisema, na uso wake ukafunguka. "Munaona, batu ba Mungu?"

Enjeniere alifuta shingo yake kwa leso. Muhindo aliachia pumzi. Watu wachache walianza kupiga makofi. Na Mama Béata peke yake ndiye aliyetazama chini, kwenye magurudumu, akaona jinsi yalivyozama. Si freni iliyokishika kifaru. Ni tope.

Gisubizo akaingia ndani.

Lilibaki neno moja. Mama Béata alilijua tangu utoto, maana baba yake alivunjwa goti kwa ajili ya neno hilo.

"Mwenye kuuza anatangulia mbele!" alipaza sauti.

Sebagabo akaruka kama aliyechomwa mwiba. "Njo vile! Mwenye kuuza anatangulia mbele ya munyama, mikono mitupu, haangalie nyuma! Kama ni mupiga pembe, imupate yeye wa kwanza. Mon colonel, miye nilitangulia mbele ya dume yangu. Ulicheka sana. Ile matope ingali mu kiatu yangu, ukitaka nitakuonyesha!"

"Atangulie!" walipiga kelele wafugaji, fimbo juu. "Atangulie! Atangulie!"

Sasa atakataa, Mama Béata aliwaza. Kuendesha ni kichwa cha mtu mwingine. Kutangulia ni mgongo wako. Hata mwenye kuamini, akiambiwa aweke mgongo, anauliza mara mbili. Kataa, baba. Kataa, mtoto wa watu. Kataa, turudi nyumbani.

Kolonel Apollinaire alimgeukia Enjeniere.

"Ulinihakikishia?"

"Mon colonel... kwa uhakika kabisa."

"Freni ni mpya?"

"Mpya."

"Vizuri."

Kolonel alinyoosha koti lake. Akaweka kofia sawa. Akatembea mpaka mbele ya kifaru, akasimama na mgongo kwa pua ile ya chuma, akaanza kushuka mteremko kwa hatua za gwaride.

Soko lilichanganyikiwa. Halafu likampenda. Wanawake walipiga vigelegele. Ni mkubwa gani aliwahi kuweka mgongo wake mbele ya watu wa Bihambwe? Hata Adelaïde, aliyekuwa anashuka kijitoni na bido zake, aligeuka akampungia.

"Huyu ni mwanaume!" alipiga kelele.

Mama Béata aligeuka kumtafuta Enjeniere. Mahali pake palikuwa tupu. Kofia nyeupe ilikuwa imeachwa juu ya meza ya wauza nyama, na gari la kampuni lilikuwa linarudi kinyumenyume kati ya vibanda, linaangusha vikapu vya viazi, linatafuta njia ya Sake.

"Anakimbia!" Muhindo alipiga kelele. "Enjeniere anakimbia! Jamani, shusheni chumvi! Shusheni chumvi yangu!"

Lakini vigelegele vilikuwa vikubwa kuliko Muhindo.

Ndani ya kifaru moteri iliguguma. Moshi mweusi. Ilikohoa kikohozi kile kile. Chuma chote kilitetemeka, na tope lililoyashika magurudumu likaanza kupasuka taratibu, kama ugali unaoachia sufuria.

Gisubizo alikanyaga pedali. Ikaenda mpaka chini.

Akakanyaga tena. Chini.

Kupitia kidirisha kidogo cha mbele aliona kitu ambacho hakuna aliyemwambia: mgongo wa Kolonel wake, karibu kiasi cha kuhesabu vifungo vya mkanda. Alijua amri. Alijua kasho. Alijua kwamba kijana wa Masisi anayesema "chombo cha jeshi ni kibovu" mbele ya watu wote halali nyumbani tena.

Akazima moteri. Akafungua kifuniko cha juu, akatoka mpaka kiunoni, akapanda juu kabisa ya chuma, akasimama wazi, mikono mdomoni.

"Mon colonel! Tokeni mu njia! Haina freni! Haijawahi kuwa na freni!"

Alikuwa amesema. Mama Béata alifumba macho. Basi, mtoto amesema, yuko nje, yuko hai, hata wakimfunga nitampelekea maziwa gerezani.

Alipofumbua macho, aliona Gisubizo amesogea.

Sakwe sakwe, wajukuu wangu, na hiki sikitegi kwa furaha: moteri imezimwa, mchungaji yuko mgongoni mwa mnyama, hakuna aliyeshika usukani, na mnyama anatembea. Ni nini?

Gisubizo hakuwa amesogea. Ni kifaru.

Hakikutoa sauti. Hilo ndilo lililokuwa la kutisha. Moteri kimya, chuma kile kizito kikateleza kutoka kwenye tope kama ng'ombe anayetoka zizini alfajiri, polepole, kwa adabu. Kisha pua yake ikainamia mteremko.

"Kolonel!" watu walipiga mayowe. "Kolonel! Kolonel!"

Kolonel Apollinaire, kule chini, alisikia jina lake likiitwa na soko zima. Muuzaji haangalii nyuma. Akatabasamu. Akavua kofia, akawapungia.

Mama Béata alitia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi. Ule wa wachungaji, wa kusimamisha kundi. Aliupiga kwa pumzi yake yote, mpaka ukagonga mlima wa pili ukarudi.

Ng'ombe wote wa soko la Bihambwe walisimama.

Kifaru hakikusimama.

Aliona jiwe moja kwenye majani. Akaliinua, sijui kwa nguvu za nani, akaanza kukimbia nalo kandokando ya magurudumu yaliyokuwa yanamwacha.

"Ruka!" alipiga kelele. "Gisubizo, mutoto yangu, ruka!"

Upande wa kulia kulikuwa na majani marefu, laini, ya kumpokea mtu yeyote. Mbele kulikuwa na mgongo wa Kolonel, na mbele zaidi ya Kolonel daraja la miti, na juu ya daraja Adelaïde ameinama anasuuza bido.

Gisubizo aliyatazama majani. Akamtazama mama yake.

Kisha akateremsha miguu ndani ya kifaru kuutafuta usukani, na kifuniko cha chuma kikajipiga juu ya kichwa chake.